Mzee Ronald Ngala na Zahanati Zetu za Tana

Ronald Gideon Ngala hakuwa wakili wala daktari. Alikuwa mwalimu wa shule. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wapo wasomaji wa safu hii watakaoniuliza kwa nini, nikitaka kumkumbuka mtu aliyetutumikia katika sheria na afya huku Tana River, nimewaruka mahakimu na madaktari nikaenda hadi Kaloleni kumtafuta mtu aliyefariki mwaka wa 1972, kabla mimi sijazaliwa. Jibu langu ni refu kidogo. Nivumilieni.

Mtu wa Garsen leo akiwa na kesi nzito, anapanda bodaboda tu na kufika Mahakama Kuu ya Garsen. Wazee wetu wanajua hapo zamani kesi kama hiyo ilikuwa na maana gani. Ilikuwa ni Malindi, nauli, kulala kwa jamaa, na kurudi na tarehe nyingine mkononi. Vivyo hivyo mama mja mzito wa Tarasaa au wa Ngao akikosa huduma, anajua pa kulalamika. Atamlaumu gavana, atampigia simu mwakilishi wa wadi, na siku ya kura atalipiza. Wauguzi wa zahanati zetu wameajiriwa Hola, si Nairobi. Vijana wanadhani mambo haya yalizaliwa mwaka wa 2010 pamoja na Katiba mpya. Hayakuzaliwa mwaka huo. Yalifufuliwa. Yalikuwa yamezikwa zaidi ya miaka 40, na mtu aliyeyapigania mara ya kwanza ni huyu mwalimu wa Kigiriama.

Ngala alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 upande wa Kaloleni. Alisoma hukohuko kwa wamishenari, kisha Shimo la Tewa, kisha Alliance, na mwisho Makerere alikopata diploma ya ualimu. Nami ni mtu wa diploma, kwa hivyo hapa nitamsifu kidogo zaidi ya inavyostahili. Alifundisha, akawa mwalimu mkuu, na mwaka wa 1949 akachapisha kitabu cha Kiswahili kuhusu nchi na desturi za Wagiriama. Ni jambo la kutazamwa kwa makini. Kabla ya kuwa mwanasiasa, alikuwa mtu aliyeona kwamba watu wake wana taratibu zao zinazofaa kuandikwa, na kwamba zikiachwa vinywani mwa wazee peke yake, mwenye kalamu kutoka nje atakuja kuziandika anavyotaka yeye.

Mwaka wa 1957 Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Walichaguliwa watu wanane tu kwa nchi nzima: Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi, Masinde Muliro, Bernard Mate, James Muimi, Lawrence Oguda na Ronald Ngala. Kiti cha Ngala kilikuwa cha Pwani. Maana yake ni kwamba Mpokomo wa Ngao, Muorma wa kando ya mto na Mbajuni wa Kipini, wote walikuwa na msemaji mmoja, naye ni yule yule wa Mgiriama, Mdigo na Mtaita. Kazi ya mtu mmoja kuubeba mkoa mzima mgongoni!

Miaka miwili baadaye, mkoa huo ulitikisa dola ya Uingereza, na mahali penyewe ni hapa kwetu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa na askari hadi wakafa kwa kukataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Tamko la kwanza la serikali lilidokeza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Ni uchunguzi wa maiti uliofichua uongo huo, kwa sababu miili ilikuwa na majeraha ya vipigo, kisha hakimu akaendesha uchunguzi wa vifo na mambo yakawa wazi. Habari zikafika Bunge la Uingereza, na mwezi wa Januari 1960 viongozi wetu wakawa wameketi London, Lancaster House, kuijadili Kenya huru. Watu husimulia Hola kama kisa cha ukatili, na ni kweli. Mimi pia nakiona kama kisa cha daktari na hakimu. Laiti daktari angenyamaza na hakimu akafumba macho, wale 11 wangezikwa kama watu waliodhuriwa na maji ya Tana.

Ngala alikuwa Lancaster House. Alirudi nyumbani na swali ambalo halikumwacha tena: Mwingereza akishaondoka, nani atamlinda mdogo dhidi ya mkubwa? KANU ilipoundwa mwaka wa 1960 alichaguliwa mweka hazina bila hata kuwapo mkutanoni, lakini hakukaa. Yeye, Moi, Muliro na wenzao wakaunda KADU mwezi wa Juni mwaka huohuo, chama cha jamii zilizoogopa kumezwa. Uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti vingi zaidi, ila ikakataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe. Ngala akakubali kuunda serikali, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Wapo wanaomlaumu mpaka kesho kwa hilo, kwamba alifaidika na kifungo cha mwenzake. Mimi naona alifanya hesabu ya mtu wa chama kidogo: mlango ukifunguka nusu, ingia, maana huenda usifunguke tena. Kenyatta mwenyewe aliachiliwa Agosti mwaka huohuo, serikali ya Ngala ikiwa bado madarakani.

Sasa tufike kwenye kiini. Mkutano wa pili wa Lancaster House ulifanyika kuanzia Februari hadi Aprili 1962. Huko ndiko KADU ilikopigania majimbo, na ikayapata. Nchi ikagawanywa mikoa saba pamoja na eneo la Nairobi, kila mkoa na baraza lake la kutunga sheria na rais wake. Mikoa ikapewa mamlaka juu ya mambo yanayomgusa mwananchi kila siku: ardhi, serikali za mitaa, sehemu ya elimu na ya huduma za afya, hata polisi. Pia kukawa na Seneti, na kila wilaya ikapeleka mtu mmoja. Wilaya ndogo ya Tana River, yenye watu wachache na mto mkubwa, ikawa na seneta wake aliyelingana kwa kura na seneta wa wilaya yenye watu mara ishirini ya wetu. Ili kuigusa mikoa kwenye Katiba, ilihitajika asilimia 90 ya Seneti. Ngala na wenzake waliiweka kufuli, wakadhani ufunguo umetupwa baharini.

Nataka msomaji aelewe kwa nini sheria hiyo ilikuwa pia sheria ya afya. Katika nchi ya mto unaofurika, afya ni umbali. Malaria haingojei barua. Aliyeumwa na nyoka kule Chara hawezi kusubiri mtu wa Nairobi atie sahihi ya dawa. Mama wa kijiji kilichozingirwa na maji anahitaji mtumbwi, muuguzi na afisa anayejua kwamba Mei ni mwezi wa maji. Uamuzi ukifanyiwa mbali, mgonjwa hufa kwa umbali wa ofisi kabla ya kufa kwa umbali wa barabara. Sina ushahidi kwamba Ngala aliifikiria Tana alipokuwa London akibishana na wanasheria wa KANU. Ila sheria aliyoipigania ilitutosha kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo chetu.

Niseme na jambo ambalo sisi Waislamu wa mwambao hatupendi kuliongea sana. Wakati huohuo, wazee wetu wengi wa miji ya pwani, kuanzia Vanga hadi Kipini, hawakuwa pamoja na Ngala. Walitaka ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar uwe na mamlaka yake, na walimwona Ngala kama mtu wa bara ya pwani anayetaka kuwatawala. Yeye naye alipinga mwambao kujitenga. Dawa yake ilikuwa pwani yote, Waswahili, Waarabu, Mijikenda, Wataita na watu wa Tana, ikae katika jimbo moja ndani ya Kenya moja. Hatimaye ukanda uliunganishwa na Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, na mahakama za Kadhi zikahakikishiwa nafasi. Hilo si la Ngala, na sitampa sifa isiyo yake. Lakini nikitazama nyuma, naona alisoma upepo vizuri kuliko wazee wetu. Jimbo lilikuwa linawezekana. Kujitenga hakukuwa.

KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963. Ngala akawa kiongozi wa upinzani bungeni na rais wa Baraza la Mkoa wa Pwani. Hapo ndipo alipogundua kwamba sheria bila hazina ni karatasi. Serikali kuu ilichelewesha kuihamishia mikoa kazi zake, na fedha zikabaki palepale. Wenye kaunti leo wanaposubiri mgao kutoka Hazina ya Kitaifa miezi na miezi, wajue wanasubiri kwenye foleni ya zamani. Wabunge wa KADU wakaanza kuhama mmoja mmoja, na tarehe 10 Novemba 1964 Ngala akatangaza kwamba KADU imevunjwa, wote waingie KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa Jamhuri. Mwisho wa 1966 Seneti ikaunganishwa na bunge dogo, na Tana River ikapoteza seneta wake. Kufikia 1968 mabaraza ya mikoa yalikuwa yamefutwa kabisa.

Mwaka wa 1966 aliingizwa katika baraza la mawaziri kama Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii, na mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Vyama vya Ushirika. Wakulima wa korosho na maziwa wanaweza kuieleza kuliko mimi. Alibaki waziri hadi kufa kwake.

Na hapa ndipo pananiwia pagumu. Baada ya mikoa kufa, kulibaki mabaraza ya wilaya, kwetu likiwa Baraza la Kaunti ya Tana River. Hayakuwa na nguvu za majimbo, lakini yalisimamia shule za msingi, barabara za mashinani, na zahanati. Mwaka wa 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuhamisha majukumu, na tarehe 1 Januari 1970 vitu vyote hivyo vitatu vikanyakuliwa kutoka kwa mabaraza ya kaunti na kupelekwa kwenye wizara za Nairobi. Sababu zilizotolewa ni kwamba mabaraza hayana fedha na yanasimamia vibaya. Huenda ilikuwa kweli kwa mengi. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kumnyang'anya mgonjwa kitanda kwa sababu kina kunguni.

Ngala alikuwa waziri katika serikali hiyo. Mtu aliyekwenda London kupigania afya ya mashinani isimamiwe mashinani, alikaa katika meza iliyoirudisha Nairobi. Mawaziri hufungwa na uamuzi wa pamoja, najua. Na mwenye kumhukumu akumbuke kwamba mwaka huo wa 1969 ndio mwaka alipouawa Mboya na Odinga akafungwa. Haukuwa mwaka wa waziri wa Pwani kupandisha sauti. Hata hivyo, wanaomwandikia Ngala sifa tupu hulipita jambo hili kimya, nami sioni kama kumheshimu mtu ni kumfuta nusu ya maisha yake.

Matokeo yake tuliyaishi. Niliyaona mwenyewe wakati wa mvua za El Niño za 1997, nikiwa kijana. Jamaa yetu mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa, tukampeleka kwa mtumbwi, kisha tukambeba kwenye kitanda cha kamba hadi kituo cha afya kimoja ambacho sitakitaja. Tulikuta mlango wazi, muuguzi mmoja mwenye huruma, na kabati tupu. Dawa zilikuwa zimeagizwa, tukaambiwa, na maombi yako Nairobi. Mama alipona kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu. Mtoto hakupona. Hatukuwa na wa kumuuliza. Diwani alisema si kazi yake, na alikuwa anasema kweli: sheria ya 1969 iliiondoa kazi hiyo mikononi mwa madiwani kabla hajawahi kupiga kura. Na wakati huo hata ada za hospitali, zilizofutwa kwa wagonjwa wa nje mwaka wa 1965, zilikuwa zimesharudishwa tangu 1989.

Mzee Ngala hakuyaona hayo. Desemba 1972 gari lake lilipata ajali karibu na Konza, kwenye barabara ya Mombasa na Nairobi. Ilielezwa kwamba nyuki waliingia garini, dereva akashindwa kulidhibiti. Watu wa Pwani hawajaacha kulizungumza jambo la nyuki hao, na kila mzee ana yake. Mimi sitaongeza langu. Alifariki tarehe 25 Desemba, akiwa na umri wa takriban miaka 50. Jina lake lipo kwenye barabara ya katikati ya Nairobi wanakopandia watu matatu, na kwenye chuo cha utalii cha Kilifi kilichojengwa kwa mwendo wa kobe.

Neno majimbo lenyewe lilikuja kuharibiwa. Miaka ya 1990, wanasiasa waliolitumia hawakuwa na haja na zahanati wala baraza. Walitaka kuwafukuza majirani. Likoni mwaka wa 1997 tuliona. Ndiyo maana waandishi wa Katiba ya 2010 walilikwepa, wakasema ugatuzi. Ila ukifungua Jedwali la Nne la Katiba hiyo usome kazi za kaunti, vituo vya afya na maduka ya dawa vya kaunti, huduma za ambulensi, huduma za afya ya msingi, unaisikia kazi ya 1962. Agosti 2013 kazi hizo zilihamishwa rasmi. Tana River ikapata seneta tena, kwa mara ya kwanza tangu 1966.

Sisemi majimbo ya Ngala yangekuwa pepo. Alikuwa na upofu mmoja, na Tana ndiyo inayoufichua. Aliogopa makabila makubwa kuyameza madogo, lakini hakueleza mdogo aliye ndani ya mdogo atalindwa na nani. Mwaka wa 2012, Agosti hadi mwaka mpya, Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao ziliwaka, Wapokomo na Waorma wakauana kwa ajili ya malisho na mashamba, na zaidi ya watu 100 wakapotea. Hapakuwa na mkubwa kutoka nje hapo. Na leo, ukimuuliza Mwaata au Mmunyoyaya kama ajira za hospitali za kaunti zinamfikia, atakujibu kwa kicheko. Madaraka yakifika Hola hayajafika kila mtu. Ngala angekuwa hai ningemuuliza swali hili kwanza, kabla ya lile la 1969.

Nimeamua kuandika haya sasa kwa sababu kila madaktari na wauguzi wanapogoma, kama ule mgomo wa siku 100 ulioisha Machi 2017, husikika sauti kwamba afya irudishwe Nairobi, kaunti zimeshindwa. Malalamiko yenyewe ni ya haki: mishahara huchelewa, dawa hukosekana, na wapo magavana waliojenga majengo wakasahau watu wa kuyafanyia kazi. Lakini hoja hiyo tuliisikia mwaka wa 1969, kwa maneno karibu yayo hayo, na tulikubali. Tulisubiri miaka 43 kuirudisha. Safari hii mabadiliko ya majukumu hayo hayapiti kwa wabunge peke yao, lazima mwananchi apige kura ya maamuzi, na kufuli hiyo ni ngumu kuliko ile ya Seneti ya 1963.

Kwa waheshimiwa wa bunge la kaunti pale Hola nina ombi dogo. Katika safari zangu za Tana sijaona hata chumba kimoja chenye jina la Ngala. Hospitali ya Ngao ina wodi ya akina mama. Mkiona inafaa, andikeni jina lake mlangoni, na kabla ya rangi kukauka, hakikisheni kabati la dawa lililo ndani si tupu, maana mvua za masika hazitangoja bajeti ya ziada.